Kuwa afisa usalama wa mionzi ukiwa Tabora au Kigoma: pa kuanzia

Maswali ni yaleyale. Kozi inatolewa wapi? Inachukua muda gani? Nikimaliza nitaajiriwa na nani? Anauliza kijana aliyetoka chuo na diploma ya radiolojia, anauliza fundi sanifu wa maabara ya barabara, na mwalimu wa fizikia aliyechoshwa na chaki naye anauliza hivyohivyo. Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake, haya hapa yote pamoja.

Kwanza tuondoe dhana moja. Afisa usalama wa mionzi, ambaye kazini wengi humwita RSO tu, hapatikani kwa cheti peke yake. Anateuliwa kwa barua na mwenye leseni ya chanzo cha mionzi, yaani mashine au kifaa kinachotoa mionzi: hospitali, mkandarasi, mgodi, kiwanja cha ndege. Bila chanzo na bila barua, wewe ni mtu mwenye mafunzo, basi. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanzia kazini, na darasa linakuja baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Msingi wa sayansi. Hospitalini anayeteuliwa kwa kawaida ni mtaalamu wa radiolojia aliyepo. Barabarani ni fundi sanifu wa maabara. Aliyesoma fizikia chuo kikuu ana faida kwenye hesabu, lakini mashine zenyewe itabidi akazifahamu upya.
- Umri wa miaka 18 au zaidi. Viwango vya kimataifa haviruhusu aliye chini ya hapo kufanya kazi ya mionzi. Mwenye miaka 16 hadi 18 anaruhusiwa kwa mafunzo tu.
- Kikokotoo cha kisayansi na kauntabuku moja ngumu. Usitumie karatasi moja moja, zitapotea.
- Nakala ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003 na Kanuni za kinga dhidi ya mionzi za 2004. Uzisome, si kuzihifadhi kwenye simu tu.
- Kiingereza cha kusoma. Vitabu vya mita (kifaa cha kupimia mionzi), viwango na fomu nyingi viko kwa Kiingereza, hakuna njia ya mkato.
- Nauli na hela ya kulala. Makao makuu ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yaani TAEC, yako Arusha. Kutoka Tabora mjini unapita Nzega, Singida na Babati. Ukitokea Kigoma, jipange kwa safari ndefu zaidi ya hiyo. Mwombe mwajiri agharamie, maana cheti hicho kinalinda leseni yake.

Hatua ya 1: Jua ni chanzo gani utakachosimamia

Mionzi haifundishwi jumla jumla. Kwa mikoa yetu, unaweza kukutana na aina hizi tatu.

Ya kwanza na iliyoenea ni eksirei. Iko kwenye hospitali za mkoa za Kitete na Maweni, iko kwenye hospitali za wilaya na za misheni kama Nkinga na Kabanga, na mashine za kukagulia mizigo viwanjani nazo ni eksirei. Mashine ya eksirei ikizimwa, hakuna mionzi. Haibaki ukutani, haibaki kwenye shuka, haibaki mwilini mwa mgonjwa. Hilo liwaeleze na wafanya usafi, kwani wapo wanaoogopa kupiga deki chumba ambacho mashine yake imezimwa tangu jana.

Ya pili ni kifaa cha kupimia mshindilio na unyevu wa udongo barabarani. Ndani yake mna vyanzo viwili vidogo, seziamu-137 na amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu. Hiki hakina swichi ya kuzima. Kinatoa mionzi usiku na mchana, kikiwa stoo, kikiwa ndani ya gari. Nusu ya seziamu-137 huisha baada ya miaka 30 hivi. Ya amerisiamu, baada ya miaka zaidi ya 400.

Ya tatu ni kupiga picha za mishono ya vyuma kwa iridiamu-192. Bomba la mafuta ghafi linapita Nzega na Igunga, na kazi za mabomba na matangi ndiko mafundi hawa wanakopatikana. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kwingine kote. Chanzo kikitoka kwenye kasha lake na mtu akakishika kwa mkono, kinaweza kumharibu vidole kwa dakika chache. Kama ndiyo kazi yako ya kwanza, usikubali kuteuliwa hadi umekaa chini ya mzoefu.

Hatua ya 2: Pata barua, na barua iwe na meno

Nitakaa hapa kidogo, maana maafisa wengi wanakwama kwenye barua kuliko kwenye fizikia.

Ukiandikiwa barua ya mstari mmoja, "umeteuliwa kuwa msimamizi wa mionzi", umebebeshwa lawama bila kupewa uwezo. Kaa na mganga mfawidhi, au meneja wa mradi, muandike yafuatayo:

- vyanzo unavyovisimamia, kwa aina na namba zake;
- kwamba kwa masuala ya usalama unaripoti kwa mkuu wa kituo moja kwa moja;
- kwamba una mamlaka ya kusimamisha kazi ukiona hatari, na haianzi tena mpaka useme;
- saa ngapi kwa wiki umetengewa kwa kazi hii;
- nani anakukaimu ukiwa likizo.

Kipengele cha tatu ndicho bosi atakachosita kukisaini, na ndicho usichokiachia. Mwambie kwa heshima kwamba mwenye leseni ndiye anayebaki na dhamana mbele ya sheria, na kukuteua hakumwondolei mzigo huo. Akielewa hivyo, mara nyingi atasaini, kwa sababu ataona unamlinda yeye.

Kosa la kawaida: kumteua mkuu wa kitengo kwa kuwa ni mkubwa, ilhali hayupo kituoni siku nne kwa wiki. Afisa awe mtu aliyepo.

Hatua ya 3: Zoea hesabu nne kabla ya kwenda darasani

Nadharia yote utaipata huko. Hizi hapa zifanye mpaka mkono uzoee.

1. Vipimo. Siveti ni kipimo cha mionzi anayoipata mtu. Milisiveti moja ni mikrosiveti 1,000. Kwenye mita, mSv na μSv zinafanana kwa jicho la haraka na zinatofautiana mara elfu. Mita na vitabu vya zamani vina kipimo cha remu: remu 1 ni milisiveti 10.
2. Umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inapungua mara nne. Mikrosiveti 100 kwa saa ukiwa mita 1 ni 25 ukiwa mita 2, na ni 6 na ushee ukiwa mita 4.
3. Kuoza kwa chanzo. Iridiamu-192 hupungua nusu kila siku 74. Chanzo cha gigabekereli 1,480 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya chanzo) baada ya siku 148 kimebaki na 370.
4. Vikomo. Mfanyakazi wa mionzi: milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Mtu wa kawaida: milisiveti 1 kwa mwaka. Mikono na ngozi ya mfanyakazi: 500.

Vikomo hivyo havimhusu mgonjwa anayepigwa picha. Kwake swali ni kama picha inahitajika kweli, na kama imepigwa kwa kiasi kidogo kinachotosha daktari kuona anachotafuta. Wengi hukosea hapo kwenye mtihani.

Hatua ya 4: Nenda kozi

TAEC hutoa mafunzo ya usalama wa mionzi kwa wanaofanya kazi na vyanzo, hospitalini na viwandani. Fuatilia matangazo yao, omba kupitia mwajiri, na hakikisha kozi ni ya aina ya chanzo chako. Ya hospitali haitakusaidia sana barabarani.

Ukisubiri nafasi, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu lina masomo ya mtandaoni ya bure kuhusu kinga ya mionzi. Yatakuandaa vizuri, ila hayachukui nafasi ya mafunzo yanayotambuliwa nchini. Mwenye shahada anayetaka kufika mbali, shirika hilohilo lina kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi ambayo kwa Afrika inafundishwa Ghana, miongoni mwa nchi nyingine. Hiyo ni safari tofauti na ya RSO wa kituo.

Hatua ya 5: Ijue mita kama unavyoijua simu yako

Hapa ndipo utamtambua afisa wa kweli na wa kwenye karatasi.

Kila unapoichukua, fuata mpangilio huu: betri kwanza. Kisha angalia tarehe ya kuhakikiwa. Kwa kawaida mita hupelekwa kila mwaka, na TAEC Arusha wana maabara ya kazi hiyo. Halafu simama mbali na chanzo usome mionzi ya asili, ambayo kwa kawaida ni mikrosiveti 0.1 hadi 0.2 kwa saa. Ikisoma sifuri kabisa, usifurahi. Huenda mita hiyo imekufa.

Mita nyingi za bei nafuu ni za aina ya Geiger. Kwa kutafuta chanzo kilichopotea ni nzuri sana. Kwa kupima chumba cha eksirei ni za kudanganya, maana picha moja huchukua sehemu ndogo ya sekunde na mita haiwahi kushtuka. Utaandika "chumba salama" kumbe hukupima kitu. Tumia mita ya chemba ya ioni, au yoyote iliyotengenezwa kwa mionzi ya muda mfupi. Tena, Geiger nyingine zikiingia kwenye mionzi mikali sana hurudi kusoma chini. Ndiyo maana unaikaribia sehemu yenye mashaka ukiwa umeiwasha tangu mbali.

Kupima chumba cha eksirei, fanya hivi. Weka dumu la maji mahali pa mgonjwa ili litawanye mionzi kama mwili unavyofanya. Usimlaze mtu, hata akijitolea, hata akiwa mwanafunzi wako. Mwenzio apige, wewe upime nyuma ya kizuizi cha mpigaji, kwenye nafasi chini ya mlango, ukutani upande wa pili, korido, na chumba cha jirani. Kisha toka nje. Hospitali zetu zina mwembe uani, na chini yake ndugu wa wagonjwa wanakaa kutwa nzima. Kama mwembe uko nyuma ya ukuta unaopigwa na mionzi moja kwa moja, hapo ndipo pa kupima mara mbili.

Namba ukishaipata, usikimbilie kupiga kelele. Tuseme korido imesoma mikrosiveti 60 kwa saa wakati wa kupiga. Inatisha. Lakini picha ni 40 kwa siku, kila moja sekunde 0.1: jumla sekunde 4. Gawa 60 kwa 3,600, zidisha kwa 4, unapata kama mikrosiveti 0.07 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni mikrosiveti 17 hivi, yaani milisiveti 0.017. Kikomo cha mtu wa kawaida ni 1. Korido haina shida. Andika hesabu yote kwenye kauntabuku, si jibu tu, kwa sababu mkaguzi atataka kujua umelipataje.

Hatua ya 6: Simamia beji

Beji, kile kipimo kidogo cha mionzi anachovaa mfanyakazi, haimkingi mtu. Inahesabu tu alichopata. Lirudie hilo kwa wenzako, maana wapo wanaoivaa kama hirizi na kusahau aproni ya madini ya risasi, ambayo ndiyo inayokinga.

- Kila mtu beji yake, kwa jina. Kubadilishana ni kuharibu rekodi za watu wawili.
- Ivaliwe kifuani. Ukiwa na beji moja na aproni ya risasi, beji ikae ndani ya aproni.
- Beji ya kulinganishia, ile isiyovaliwa na mtu, ikae ofisini, mbali na mionzi. Ikikaa chumba cha eksirei, matokeo ya kituo kizima hayana maana.
- Zirudishwe Arusha kwa wakati. Beji zinazolala kwenye droo miezi tisa ni ugonjwa wa vituo vingi vya mbali. Panga mapema na wanaosafirisha vifurushi kwa mabasi, na uwaombe zisipitishwe kwenye mashine ya kukagulia mizigo.
- Matokeo yakirudi, mwonyeshe kila mtu yake, asaini. Kuyafungia kabatini ni kumnyima haki yake.

Aproni nazo zitundikwe. Ukizikunja, madini ya risasi yaliyomo yanapasuka bila wewe kuona kwa nje.

Hatua ya 7: Andika kanuni za kituo, ukurasa mmoja

Kwa Kiswahili, zibandikwe mlangoni. Nani anaingia, nani anabaki nje, mlango ufungwe kabla ya kupiga, mama mjamzito aseme kabla ya kuingia, anayemshika mtoto ni ndugu aliyevaa aproni na si mfanyakazi yuleyule kila siku. Kwa mashine ya kusukuma wodini: mpigaji asimame angalau mita 2 kutoka kwa mgonjwa. Ukinakili kanuni za kurasa 40 kutoka hospitali ya Ulaya, hakuna atakayezisoma, wewe ukiwa wa kwanza.

Kwa kifaa cha barabarani, kanuni kubwa ni ulinzi. Kifungwe kwa kufuli mbili, kisainiwe kinapotoka na kinaporudi, kisiachwe peke yake. Timu ikilala gesti Uvinza au Kasulu, kifaa hakilali nyuma ya pikapu na hakilali chini ya kitanda cha dereva. Tafuta stoo ya kufungwa kambini kabla timu haijaondoka.

Hatua ya 8: Zoezi la dharura, angalau mara moja kwa mwaka

Chagua tukio linaloweza kutokea kweli. Barabarani ni shindilia, yaani mtambo wa kushindilia udongo, kukanyaga kifaa. Simamisha kazi, watu warudi nyuma mita 5 au zaidi, zungushia utepe, shindilia lisisogezwe mpaka lipimwe, kisha piga simu kwa mkuu wako na TAEC. Namba ziwe zimeandikwa ukutani na kwenye gari. Kwenye zoezi utagundua zile namba ni za mtu aliyehama zamani. Ndiyo faida ya zoezi.

Ukikwama

*Beji ya mtu imesoma juu sana.* Usianze kwa kumlaumu, wala usianze kwa kusema mashine imekosea. Muulize alikoiacha. Koti lililotundikwa chumba cha eksirei wikendi nzima hutoa jibu mara nyingi. Andika ulichokikuta, toa taarifa, na kama hakuna maelezo, pima chumba upya.

*Mfanyakazi ana ujauzito.* Taarifa yake isiwe sababu ya kumwondoa kazini. Mpangieni majukumu ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wa mimba uliobaki.

*Wenzangu wanadai maziwa ili kuondoa mionzi.* Maziwa ni lishe nzuri, wayanywe. Mionzi ya eksirei hayaiondoi, kwa kuwa hakuna kinachobaki mwilini cha kuondolewa. Posho ya mazingira hatarishi nayo ni suala la mwajiri na utumishi, lisiingie kwenye daftari lako la usalama.

*Je, nitakuwa tasa?* Upungufu wa muda wa mbegu kwa mwanamume huanza kuonekana pale korodani zinapopata kama milisiveti 150 kwa mkupuo mmoja. Linganisha na kikomo cha 20 kwa mwaka mzima, kisha angalia beji yako.

*Bosi anataka kazi iendelee wakati taa ya tahadhari imekufa na mlango haufungi.* Mwonyeshe kipengele kwenye barua yako. Akikataa, andika tarehe, saa na ulichomshauri, mpe nakala, baki na yako. Usigombane koridoni.

*Hakuna pesa ya kuhakiki mita.* Iingize kwenye bajeti ya mwaka pamoja na beji na leseni, kwa mstari mmoja unaoitwa usalama wa mionzi. Ukiomba kidogo kidogo utazungushwa. Wakati mwingine vituo vya jirani vinaweza kupeleka mita zao pamoja kugawana nauli.

*Nimemaliza kozi, sina kituo.* Omba kujitolea kwenye idara ya radiolojia au maabara ya mkandarasi, na uombe ushughulikie beji na kumbukumbu. Kazi hiyo hakuna anayeipenda, kwa hiyo hutapata mpinzani, na ukaguzi ukija utakuwa unajua zaidi ya wote.

*Mnunuzi wa vyuma chakavu kaleta kasha zito lenye alama ya majani matatu.* Asilifungue, asilipasue kutafuta risasi ya kuyeyusha. Goiânia nchini Brazili, mwaka 1987, watu walibomoa kifaa cha tiba kilichotelekezwa, wakatoa seziamu-137 na kuigawa majumbani kwa kuwa ilikuwa inang'aa. Watu 4 walikufa na 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi. Kasha libaki pale lilipo, watu wasogee mbali nalo, wewe uje na mita iliyowashwa tangu mbali, na polisi pamoja na TAEC wajulishwe muda huohuo. Waliolishika waandike majina na waoshe mikono kwa maji na sabuni, na asiondoke hata mmoja kurudi nyumbani kabla hujampima mikono, nguo na viatu.